Kabla hujamleta Yorkshire terrier nyumbani: hatua ninazowapa wateja wangu

Kazi yangu ni kunyoa mbwa. Nikisema hivyo kwenye daladala watu hucheka, lakini ndiyo inayonilipia kodi hapa Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Ninaowapokea sana ni hawa wadogo wenye nywele za hariri, Yorkshire terrier, ambao wenyewe tunawaita Yorki. Wateja wengi wa Yorki hunifikia wakiwa wamechelewa: nywele zimeshasokotana, meno yameoza, au mbwa mwenyewe si Yorki. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla hujaenda kumwona kitoto. Ukishamwona umekwisha, utalipa tu.

Hatua ya 1: Jua alizaliwa kwa kazi gani

Usidanganywe na utepe wa kichwani. Hawa ni mbwa wa watu wa viwandani. Katikati ya karne ya 19 wafumaji kutoka Scotland walihamia Yorkshire na Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, kutafuta kazi kwenye viwanda vya nguo. Walikuja na terrier wao wadogo, wakapandishwa na wale waliowakuta huko. Shughuli ya mbwa hao ilikuwa kukamata panya. Huddersfield Ben, anayehesabiwa baba wa mbegu hii, alizaliwa 1865 akafa 1871, na katika umri huo mfupi alikuwa ameshinda maonyesho ya urembo na mashindano ya kuua panya pia. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbegu za mbwa, iliwatambua rasmi 1886.

Nayasema haya kwa sababu panya bado wamo kichwani mwake. Yorki wako atabweka geti likigongwa, atafukuza kuku wa jirani, atamvaa mbwa mwenye uzito mara kumi yake bila kufikiri. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea Ufilipino, mwaka 1945, Yorki mmoja aitwaye Smoky alivuta waya wa simu ndani ya bomba jembamba lililopita chini ya uwanja wa ndege. Mbwa wa namna hiyo ukimfungia sebuleni siku nzima bila kazi, atajitafutia kazi mwenyewe, na hutaipenda.

Hatua ya 2: Ikague nyumba, pamoja na watu wake

Yorki ni mbwa wa ndani. Chini ya nywele zake hana manyoya mazito ya ndani ya kumkinga, kwa hiyo banda la uani si mahali pake, kwenye baridi ya Arusha wala kwenye jua la Dar. Kama umeshika dini na hutaki mbwa avuke kizingiti, tafuta mbwa mwingine. Na muulize dada wa kazi kabla ya kuleta. Nimeona Yorki wakishinda njaa mchana kwa sababu dada hakutaka kugusa mbwa, na hakuna aliyemuuliza.

Mtoto wa chini ya miaka mitano humwangusha bila kukusudia, na kuruka tu kutoka kwenye kochi kunaweza kumvunja mguu. Mbwa mkubwa wa ulinzi asiachwe naye peke yao, hata wakizoeana.

Hatua ya 3: Jifunze nywele zake

Hapa ndipo watu wanapokwama. Alichonacho Yorki kinafanana zaidi na nywele zako kuliko manyoya ya mbwa wa mtaani: hakipukutiki sana, na hakiachi kukua. Usipokata, kitaburuta sakafuni. Chagua mapema: nywele ndefu na kuchana kila siku, au kata fupi kila baada ya wiki sita hivi. Kwa joto la Pwani mimi huwashauri kata fupi. Anayetaka nywele za maonyesho namuuliza kwanza anaamka saa ngapi.

Kuchana kwenyewe kuna utaratibu. Usichane nywele kavu, zinakatika. Puliza maji kidogo kwanza. Anza nchani, panda taratibu kuelekea kwenye ngozi, ukishika shina la nywele kwa vidole ili asivutwe. Kisha pitisha kitana chembamba nyuma ya masikio, kwapani na mapajani, maana mafundo huanzia huko yakiwa hayaonekani kwa juu. Fundo likishakuwapo, usimwogeshe. Maji hulikaza, na mwisho wake ni wembe. Mkitoka baharini, msuuze chumvi siku hiyo hiyo na umkaushe mpaka kwenye ngozi.

Jifunze na rangi. Yorki huzaliwa mweusi mwenye madoa ya kahawia. Ile rangi ya chuma mgongoni na dhahabu usoni huja polepole, huchukua hata miaka miwili au mitatu. Anayekuuzia kitoto cha miezi miwili chenye rangi ya fedha, mhoji vizuri.

Hatua ya 4: Mhoji muuzaji

Mteja wangu mmoja alinunua kwa picha ya simu. Alimtumia muuzaji pesa, akaletewa katoto keusi kazuri kwenye boksi la basi. Leo "Yorki" huyo ana kilo tisa na masikio ya kulala. Yorki wa kweli, kwa kipimo cha maonyesho, hazidi kilo 3.2 akikomaa. Tunampenda hivyo hivyo, ila alilipiwa bei ya Yorki.

Basi nenda mwenyewe. Omba kumwona mama yake, na uangalie wanapolala. Kitoto kisichukuliwe kabla ya wiki nane. Kwa mbwa wadogo hivi mimi napenda kumi hadi kumi na mbili. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, mhuri wa daktari wa mifugo na zile stika za chupa za dawa.

Akikwambia anao "wa kikombe", aga uondoke. Hakuna mbegu inayoitwa hivyo. Ni mbwa aliyezalishwa mdogo kupita kiasi, na udogo huo huja na mifupa dhaifu na sukari inayoshuka ovyo.

Hatua ya 5: Ongea na daktari kabla ya kulipa

Mtaje Yorki, kisha muulize mambo manne. Ini: baadhi yao huzaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini badala ya ndani yake, mbwa akadumaa na kuzubaa baada ya kula. Kuna kipimo cha damu cha asidi za nyongo kinachoweza kulibaini. Koo: njia yake ya hewa hulegea, akakohoa kama bata, kwa hiyo kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Magoti: pia ya goti huteleza, utamwona akirukaruka kwa miguu mitatu. Meno: ya utoto mara nyingi hugoma kutoka na hubidi kung'olewa. Msugue meno kila siku kwa dawa ya mbwa, si ya kwako.

Panga naye pia chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, na dawa ya kupe. Huku kwetu kupe huua mbwa.

Hatua ya 6: Siku ya kumleta

Mlishe chakula kile kile alichozoea, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kitoto kikikaa na njaa sukari hushuka: kitalegea, kitatetemeka, kitayumba. Mpake asali kwenye fizi, kisha mbio kwa daktari. Weka namba yake kwenye simu kabla ya siku hiyo.

Jikoni, kinachomdhuru ni chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli (xylitol), kitamu kinachotiwa badala ya sukari. Kwa hiyo pilau hapana, hata ukoko wake. Waambie na wageni, hasa bibi, maana yeye ndiye atakayempa chini ya meza.