Kupanga siku ya kuongozwa Nara: hekalu kwanza, kulungu baadaye

Ziara nyingi za Nara, mji wa Japani ambao kulungu hutembea huru bustanini mwake, huharibika katika mita mia mbili za kwanza. Kundi linashuka kwenye basi saa tano asubuhi, wauzaji wa biskuti za kulungu wako palepale njiani, kila mtu ananunua bunda lake, na kabla ya kufika Nandaimon, lango la hekalu la Todai-ji, kuna anayepiga kelele, anayevutwa koti, na mtoto anayelia. Kiongozi wa ziara anaeleza sanamu za mwaka 1203 na hakuna anayemsikiliza.

Dawa yake ni mpangilio. Ingia hekaluni mapema, mikono mitupu. Biskuti zinunuliwe baadaye, kwenye uwanja mpana ambako kulungu na mtu wote wana pa kusogea. Panga mambo mengine yote kwa kufuata hilo.

Kufika, na kwa nini ni heri kulala Nara

Ukumbi wa Buddha Mkuu wa Todai-ji hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na saa mbili kamili kuanzia Novemba hadi Machi. (Ratiba za Japani zitaandika 7:30 na 8:00. Wakumbushe watu wako, maana kuna wanaochanganya hesabu za saa na kukosa treni.) Makundi ya wanafunzi huanza kumiminika kuanzia saa tatu hivi, hasa Mei, Juni, Oktoba na Novemba, na wakishaingia ukumbi hugeuka soko. Anayelala Nara anaupata ukumbi ukiwa na utulivu. Anayetoka Kyoto asubuhi ileile lazima aamke alfajiri.

Kutoka Kyoto kuna njia mbili za treni. Kampuni ya Kintetsu hukufikisha stesheni ya Kintetsu-Nara, iliyo karibu kabisa na bustani: treni ya haraka yenye viti vya kulipia nyongeza huchukua kama dakika 35, ile ya kawaida isiyo na nyongeza huchukua kama dakika 45 au zaidi kidogo. Kampuni ya JR (Japan Railways) nayo huchukua kama dakika 45 kwa treni ya Miyakoji, lakini stesheni yake iko mbali zaidi, mwendo wa dakika 20 kwa miguu hadi bustanini. Kosa la kawaida hapa: Japan Rail Pass, yaani pasi ya treni za JR, haifanyi kazi kwenye Kintetsu. Mwenye pasi apande JR. Asiye nayo apande Kintetsu bila kufikiri mara mbili.

Mizigo iachwe kwenye makabati ya sarafu stesheni. Begi la kuburuta likiingia bustanini litachunguzwa na kila pua inayopita.

Kumchagua kiongozi

Tangu Januari 2018 sheria ya Japani inamruhusu hata asiye na leseni kuongoza watalii kwa malipo. Wapo bado wenye leseni ya taifa, waliofaulu mtihani wa historia, jiografia na lugha, na kwa Nara tofauti huonekana, kwa sababu nusu ya thamani ya siku iko kwenye maelezo. Wapo pia wa kujitolea, wengi wao wanafunzi na wastaafu, wasiotoza ada. Kwao kwa kawaida unagharimia nauli, kiingilio na chakula chao cha mchana, na inabidi kuomba mapema.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya na usikubali jibu la jumla: kundi lina watu wangapi, kiingilio kimo ndani ya bei au la, njia inapita ukumbi wa Nigatsu-do ulio juu ya ngazi au inaishia kwenye Buddha Mkuu, na kulungu watalishwa wapi. Anayejibu kwamba kulungu watalishwa "pale getini" hajui kazi yake, au anajua na ana haraka. Kundi likizidi kumi, dai vifaa vya kusikilizia masikioni, kwa sababu ndani ya ukumbi sauti hupotea.

Todai-ji bila biskuti

Toka Kintetsu-Nara kwa miguu, kama dakika 20. Kulungu utawakuta tangu mwanzo, wamelala kwenye nyasi au wanavuka barabara. Ukiwa huna chakula, wengi hawakujali. Simameni chini ya Nandaimon, lango lililojengwa upya mwaka 1199, muwatazame walinzi wawili wa mbao wenye urefu wa zaidi ya mita nane. Walichongwa mwaka 1203 na Unkei, Kaikei na mafundi wao, kwa muda wa siku 69 hivi, kwa kuunganisha vipande vingi vya mbao. Kundi lisogee upande mmoja, maana katikati ya lango ni njia ya watu na ya kulungu.

Kiingilio cha ukumbi ni yeni 800 kwa mtu mzima. Ndani, kiongozi mzuri haanzi na urefu wa sanamu, ambao ni kama mita 15 na umeandikwa kila mahali. Anaanza na hasara. Mfalme Shomu aliagiza sanamu, ikazinduliwa mwaka 752 kwa kuchorwa macho na mtawa kutoka India, Bodhisena. Ukumbi ukateketea vitani mwaka 1180, ukajengwa upya, ukateketea tena mwaka 1567. Huu unaouona ulikamilika mwaka 1709, una upana wa mita 57 hivi, na bado ni mwembamba kuliko ule wa kwanza kwa karibu theluthi moja. Kichwa cha sanamu ni cha karne ya 17, ilhali sehemu za petali za yungiyungi chini yake zimebaki tangu karne ya nane. Ukijua hivyo, unatazama kiraka juu ya kiraka cha miaka 1,200, na macho yanaanza kutafuta mishono. Taa ya shaba ya pembe nane iliyo nje mbele ya ukumbi ni ya karne ya nane pia, na wengi huipita wakikimbilia mlango.

Picha zinaruhusiwa ndani ya ukumbi huu, bila miguu ya kamera. Kwenye ukumbi wa Hokke-do, kule juu, haziruhusiwi. Hekaluni unaunganisha viganja kimyakimya. Kupiga makofi ni desturi ya mahali pa ibada ya Kishinto, yaani jinja. Hii ndiyo adabu inayokosewa kuliko zote Nara, kwa sababu siku moja inapitia pote pawili.

Kutoka hapo pandeni ngazi kwenda Nigatsu-do, dakika kumi. Ni bure, haifungwi, na roshani yake inatazama paa la Buddha Mkuu na mji wote. Ibada ya Shunie hufanyika hapa kila mwaka kuanzia Machi 1 hadi 14, mienge mikubwa ikipitishwa kwenye roshani hiyo usiku, na inasemekana haijakatika tangu mwaka 752. Ziara inayoruka Nigatsu-do ili iwahi dukani isinunuliwe.

Kwenda Kasuga Taisha

Fuateni njia ya chini ya mlima Wakakusa kuelekea kusini, kama dakika 20. Jinja ya Kasuga Taisha ilianzishwa mwaka 768 na ina taa za mawe na za shaba zipatazo 3,000, ambazo huwashwa zote Februari wakati wa sikukuu ya Setsubun na tena Agosti 14 na 15. Hapa ndipo pa kueleza kwa nini kuna kulungu: simulizi la jinja linasema mungu Takemikazuchi alikuja kutoka Kashima akiwa amepanda kulungu mweupe, na tangu hapo kulungu wakahesabiwa kuwa wajumbe wa miungu. Heshima hiyo haikutosha kuwalinda na njaa ya vita: mwaka 1945 walihesabiwa 79 tu. Leo wamezidi 1,000, wamelindwa na sheria kama hazina ya asili ya taifa tangu 1957, na hawana mwenyewe. Ni wanyama pori waliozoea watu. Hawajafugwa, na kiongozi alitamke hilo waziwazi kabla ya biskuti ya kwanza kutoka kwenye bunda.

Kwenye jinja: nawa mikono kwenye birika, inama mara mbili, piga makofi mara mbili, inama mara moja.

Kulisha, hatua kwa hatua

Shukeni kwa njia ya taa hadi uwanja wa Tobihino. Kulungu wa huku huwa watulivu kuliko wale wa Nandaimon, ambao wameshajifunza kwamba mtalii akivutwa nguo hutoa haraka. Bunda la shika senbei, biskuti za pumba za mchele na unga zisizo na sukari, lina kama kumi na huuzwa yeni 200. Sehemu ya mapato huenda kwa taasisi inayotunza kulungu hawa. Bunda moja linatosha watu wawili.

Ukishalipa, ondoka kwanza kwenye meza ya muuzaji, hatua thelathini au zaidi, huku biskuti zikiwa ndani ya begi lenye zipu. Mfukoni hapafai, mfuko wenyewe utang'atwa. Chagua kulungu mmoja au wawili walio pembeni, jike kama unaweza kumtambua. Toa biskuti moja, uishike usawa wa mdomo wake. Wengi watainamisha kichwa. Akiinama mara moja, mpe papo hapo. Kuchelewesha ili ainame tena kwa ajili ya video ndiko kunakozaa kung'atwa na kupigwa kichwa, na vivyo hivyo kuinua biskuti juu ya kichwa chako. Zikiisha, nyoosha viganja vyote viwili wazi mbele yao. Wanaielewa ishara hiyo, na wengi huondoka.

Mtoto asipewe bunda. Mtu mzima alishike, amkabidhi moja moja, akisimama nyuma ya mtoto.

Wakikuzingira zaidi ya wanne, rudi nyuma polepole bila kukimbia. Dume akishusha masikio na kuelekeza pembe, weka mti kati yenu. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo akiuma hubana na kuacha alama bila kuchana sana. Lakini ngozi ikipasuka osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kliniki.

Usiwape kitu kingine chochote: mkate, tunda wala chipsi. Karatasi na plastiki ni hatari zaidi, kwani mwaka 2019 walikutwa waliokufa wakiwa na kilo kadhaa za plastiki tumboni. Ramani hutoweka mkononi kwa sekunde. Mapipa ya taka bustanini ni machache mno, hivyo beba mfuko wa taka zako na uufiche.

Majira yanabadilisha kila kitu

Septemba hadi Novemba ni msimu wa kupandana. Madume huwa wakali, wamejipaka matope na wananuka. Ndiyo sababu kuna desturi ya kukata pembe, iliyoanza mwaka 1672 na ambayo hufanyika Oktoba. Baadhi utawaona bila pembe. Mei hadi Julai ni wakati wa kuzaa. Mtoto wa kulungu aliyelala peke yake kwenye nyasi hajapotea, mama yuko karibu na atakurukia ukimgusa. Majira ya kuchipua na kiangazi pembe mpya zina ngozi laini yenye damu ndani: usiziguse hata akikuruhusu kusogea. Wakati wa baridi kuna asubuhi maalumu ambapo kulungu huitwa Tobihino kwa baragumu, wakitoka msituni mbio, na hakuna kinachoizidi kwa kundi dogo. Uliza tarehe kabla ya kupanga siku.

Malizieni hekalu la Kofuku-ji, njiani kurudi stesheni, kwa sanamu ya Ashura kwenye jumba la hazina. Pagoda yake ya ghorofa tano, ya mwaka 1426, imo kwenye matengenezo ya miaka mingi na imefunikwa, kwa hiyo usiiahidi kwenye tangazo la ziara. Njia yote ni kilomita sita hivi. Tenga saa tano hadi sita.

Kama ziara inaendelea hadi Miyajima, karibu na Hiroshima, waambie watu kabla ya kupanda feri kwamba kulungu wa kule wageni wanaombwa wasiwalishe kabisa, na biskuti zilizobaki Nara zisivuke maji.