Maharagi yaivie ndani ya blanketi

Kwa wa Lubumbashi, baridi hii ya mwezi wa 6 na wa 7 inamaliza makala (mkaa) mbio, basi usiache maharagi juu ya mbabula (jiko la makala) saa tatu nzima. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 20, sufuria imefunikwa. Yakiwa bado yanatokota, epua bila kufunua, izungushie taulo, halafu blanketi zito, uiweke ndani ya katoni. Baada ya saa 4 au 5 yameiva, unarudisha motoni kidogo tu kuunga mafuta, kitunguu na chumvi, bukari (ugali) ikisongwa pembeni. Maharagi yakishachemka hayadai moto tena, yanadai joto lisitoroke, na blanketi linalishika joto hilo kama linavyoshika lako usiku.

Inashindikana sufuria ikiwa nusu tupu (inapoa haraka), maharagi yakiwa ya zamani sana, au mtu akifunua kuonja. Kwangu ni watoto, kila mara. Ukikuta yamekuwa vuguvugu na bado magumu, yachemshe upya, usiyaache hivyo. Zile dakika 20 usizipunguze: maharagi mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya kutapisha. Na makala yaliyobaki yazimie nje. Mbabula ndani ya chumba cha kulala inatoa hewa isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.