Pedeli ya breki ya Kombi imekuwa ngumu? Usikimbilie kununua busta

Kama una Kombi ya zamani, zile za VW zenye kioo kimoja kikubwa mbele, na siku hizi ukikanyaga breki mpaka unanyanyuka kwenye siti, soma hapa kwanza kabla hujaenda kwenye maduka ya spea Gerezani kuulizia busta (lile kopo linaloongezea mguu wako nguvu kwenye breki), maana fundi wa kwanza utakayemkuta atakwambia busta imekufa na mara nyingi wala sio busta.

Mi yangu ilinifanyia hivyo nikiwa nashuka Kimara kwenda Ubungo. Asubuhi ilikuwa safi kabisa, nikakaa foleni weee, jua likapanda, njia inafunguka tu nakanyaga breki nahisi kama nakanyaga tofali. Ilisimama, ila kwa miguu miwili na dua.

Sasa kitu cha kwanza, sikiliza mguu wako. Pedeli ikiwa ngumu na gari inachelewa kusimama, hapo ni busta au njia ya vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa kutoka kwenye injini unaoifanya busta ifanye kazi. Pedeli ikizama mpaka chini au ikiwa laini kama sponji hiyo ni habari nyingine, ni mafuta ya breki, hewa kwenye mfumo au masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), na hiyo usiiendeshe hata mpaka kwa jirani.

Kwenye Kombi shida ni umbali. Gari nyingi injini iko mbele na mpira wa vakyumu ni kipande kifupi tu, ila Kombi injini iko nyuma na busta iko mbele chini ya sakafu ya dereva, kwa hiyo kuna mpira unatoka kwenye manifodi (njia ya kuingiza hewa kwenye injini), unaingia kwenye bomba la chuma linalopita chini ya gari lote, halafu mpira mwingine mbele. Hapo katikati kuna valvu ya njia moja, inaruhusu hewa iende upande wa injini tu isirudi. Kila maungio ni sehemu ya kuvujia, na sisi tunaokaa karibu na bahari chumvi inakula bomba taratibu huku juu gari inang'aa. (Zile za kioo kilichogawanyika, zilizotangulia hizi, hazikuja na busta toka kiwandani kwa hiyo usisumbuke kuitafuta.)

Anza na vipimo vya bure. Injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu, shikilia mguu hapohapo, piga stata. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata vakyumu. Isipocheza kabisa, haipati au imekufa. Kipimo cha pili, acha injini iungurume dakika moja mbili, zima, subiri dakika tano halafu kanyaga. Ile mara ya kwanza na ya pili iwe laini. Ikiwa ngumu papo hapo basi vakyumu imetoroka, na mshukiwa wa kwanza ni ile valvu.

Valvu ichomoe uipulize kwa mdomo, futa kwanza. Hewa ipite ukipulizia upande wa busta, upande wa injini igome. Ikipita kote, tupa. Na kama kuna mshale juu yake uelekee injini, nimeshaona imefungwa kinyume na mtu amebadilisha masta silinda bure.

Ukimaliza hapo fuata njia kuanzia mbele kwenda nyuma. Weka mawe kwenye matairi, gari iwe imewaka kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), chomoa mpira pale unapoingia kwenye busta uzibe na kidole gumba. Kidole kivutwe kwa nguvu. Kama mbele hakuna mvuto lakini nyuma kwenye manifodi upo, tatizo liko katikati, mara nyingi bomba limeoza pale kwenye vishikizo ambapo tope linakaa. Kwangu bomba lilikuwa zima. Nikalala chini na tochi nikashika mpira wa nyuma, fundi mmoja alikuwa ameweka mpira wa kumwagilia bustani, ule wa kijani, kafunga na klipu mbili nzuri tu! Ukiwa baridi umejaa vizuri, injini ikipata moto unalainika, vakyumu inaunyonya unabonyea katikati bapa kama ukanda. Ndo maana asubuhi breki nzima, mchana tofali. Nunua mpira wa vakyumu ya breki wenyewe, wenye ukuta mnene, nenda na kipande cha zamani dukani wapime tundu.

Mvujo usiuache hata kama breki bado zinashika. Ile hewa ya wizi inaingia kwenye injini, sailensa inapanda na kushuka, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, na injini ya kupozwa na upepo kwa joto la Dar ikikosa petroli inachemka mpaka inaunguza valvu za injini. Bana mpira na plaizi karibu na manifodi, taratibu usiukate, sailensa ikitulia umempata mwizi.

Busta yenyewe utaijua kwa sauti. Mtu akanyage breki wewe sikiliza chini. Mhemo mfupi wakati wa kukanyaga ni kawaida, ila ikiendelea kufanya ssssss muda wote mguu uko pale, ndani kumechanika. Na kama mafuta ya breki yanapungua lakini huoni tone chini wala kwenye matairi, chomoa mpira wa busta unuse. Ukiwa umelowa, sili ya nyuma ya masta silinda inamwaga ndani ya busta na injini inayanywa, ndo ule moshi mweupe kwenye eksozi. Hapo badilisha masta silinda kwanza, busta mpya utaiua hivyohivyo.

Ikibidi kuweka busta nyingine, angalia ile fimbo inayosukuma masta silinda. Ikiwa ndefu kidogo tu breki hazitaachia, zunguka mtaa mara mbili ushike rimu za mbele, zikiwa za moto wakati hujabana breki sana, irudishe ukaipunguze.