Kuchagua vipaumbele vya utetezi vya mwaka katika kikundi cha kiraia

Anzeni na kalenda ya wale mnaotaka kuwashawishi. Kabla mwanachama yeyote hajaombwa maoni, katibu aende kwenye ofisi ya halmashauri, au mamlaka yoyote mnayoilenga, aulizie tarehe tatu: lini idara zinawasilisha makisio ya bajeti, lini kamati ya fedha inayajadili, na lini baraza linayapitisha. Vikundi vingi hujua hiyo ya tatu tu. Hufika na mabango siku ya kura, wakati tarakimu zilishakubaliwa wiki nyingi nyuma. Tarehe yenu ni ya kwanza. Rudini nyuma miezi mitatu kutoka hapo. Kufikia siku hiyo vipaumbele viwe vimeshapitishwa. Kama mkutano mkuu unaangukia baadaye, itisheni mkutano maalumu kwa utaratibu wa katiba yenu.

Jambo la pili ni kuhesabu nguvu, na hapa watu hujidanganya sana. Majina 80 kwenye daftari si watendaji 80. Angalieni mwaka uliopita ni nani walioandika barua, waliohudhuria vikao, waliofuatilia majibu. Tuseme walikuwa 12, na kila mmoja anaweza kutoa saa 4 kwa mwezi. Hizo ni saa 48. Dai moja likifuatiliwa sawasawa (ushahidi, barua, kuonana na diwani, kukaa kwenye vikao, kurudi tena na tena ofisini) linaweza kumeza saa 20 kwa mwezi. Basi mnamudu madai mawili, na zinabaki saa 8 za dharura. Idadi hiyo itangazwe kabla ya kupokea mapendekezo. Ikisubiriwa hadi watu wayaone, kila mmoja ataomba la kwake liongezwe, “hili moja tu”, na mtajikuta na tisa.

Mapendekezo yapokelewe kwa wiki tatu, kwa maandishi, ukurasa mmoja, yakijibu maswali haya:

1. Tatizo ni lipi, na linamgusa nani?
2. Nani hasa ana mamlaka ya kulitatua?
3. Tunamtaka afanye nini, na kufikia lini?
4. Tuna ushahidi gani mkononi, na upi bado kutafutwa?
5. Nani watafanya kazi? Majina matatu na sahihi zao.

Asiyeandika aandikiwe na katibu, kisha asomewe alichosema kabla ya kuweka alama yake. Bila hivyo mtakusanya mawazo ya wenye kalamu peke yao.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. “Usafi wa soko” ni mada, na kwa kuwa hakuna anayeipinga, haimsumbui yeyote. Linganisha na hili: “Halmashauri iongeze safari za gari la taka sokoni kutoka moja hadi tatu kwa wiki, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti ijayo.” Sasa kuna wa kusema ndiyo au hapana, kuna kipimo, na kuna tarehe ya kumuuliza. Kipimo chetu ni chepesi: diwani anaweza kulisoma dai barazani lilivyo, likapigiwa kura bila kubadilishwa neno? Kama hawezi, lirudishwe kwa mwenyewe.

Swali la pili nalo hupoteza watu miezi. Si kila barabara inayopita mtaani kwenu iko chini ya halmashauri. Nyingine ni za wakala wa serikali kuu. Hali ni hiyo hiyo kwa maji, umeme na shule. Mkigonga mlango usio wenyewe, mtapokelewa kwa upole, mtapewa kiti, na hakuna kitakachotokea.

Baada ya wiki tatu, kamati ya watu watano ambao hawakuleta pendekezo lolote ipitie rundo. Kazi yake si kuchagua. Inaunganisha yanayofanana, inarudisha yasiyojibu maswali, na inaondoa yaliyo nje ya malengo ya kikundi au yanayompigia debe mgombea. Hilo la mwisho msilifanyie mzaha: kikundi kikishahusishwa na chama, nusu ya milango hufungwa hata matokeo ya uchaguzi yaweje. Kila linaloondolewa liandikiwe sababu, na orodha nzima iwafikie wanachama siku kumi kabla ya mkutano. Mapendekezo yakipotelea mezani kimyakimya, mwakani hamtaletewa kitu.

Kuna vikundi vinavyopenda jedwali la alama: uzito wa tatizo alama 5, uwezekano wa kufaulu 5, na kadhalika. Jedwali lina faida moja, linaonyesha mahali mnapotofautiana. Mmoja akitoa 5 na mwingine 1, waulizwe kwa nini. Mazungumzo hayo ndiyo yenye thamani. Kulitumia kuamua ni kosa, maana 17.4 na 16.9 huonekana kama tofauti ya kweli ilhali ni makisio yaliyojumlishwa.

Mkutanoni, kura iwe ajenda ya tatu, isiwe ya mwisho. Watu huondoka. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayohitajika ili uamuzi uwe halali, ihesabiwe tena dakika ile ya kupiga kura. Iliyohesabiwa asubuhi haiwatoshi, na atakayeshindwa ataikumbuka. Kila pendekezo lipewe dakika 3 za kuelezwa na dakika 4 za maswali, zamu zikipangwa kwa kupiga kura ya bahati. Mwenyekiti asichangie. Akitamka tu kwamba “hili la maji ni zuri”, kura imeshaharibika.

Sasa namna ya kupiga kura. Kura moja kwa mtu mmoja huonekana ya haki, lakini tazama linalotokea kwa wapiga kura 42: taa za barabarani 15, bomba la maji 14, kisima 13. Taa zinashinda, ingawa watu 27 walitaka maji. Ndiyo maana ya kuunganisha yanayofanana mapema. Hata mkiunganisha, mpe kila mwanachama kura zinazokaribia theluthi ya mapendekezo: mapendekezo 9, kura 3, na asizirundike zote pamoja. Njia nyingine ni kupanga chaguo tatu kwa alama 3, 2 na 1. Hesabu ya aina hii huitwa kwa jina la Jean-Charles de Borda, Mfaransa wa karne ya 18, na udhaifu wake unajulikana tangu enzi zake: wajanja humnyima alama mshindani wao mkali hata kama wanamwona anafaa.

Vyovyote mtakavyochagua, kura iwe ya siri, kwenye karatasi. Kunyoosha mikono humfanya mpangaji amtazame mwenye nyumba wake kwanza. Vibandiko vya ukutani, ambapo kila mtu hubandika chake kwenye pendekezo analolitaka, navyo vina ugonjwa wake, kwani wanaochelewa kubandika hufuata palipojaa. Mkivipenda sana, kila mtu aandike chaguo lake kwenye karatasi kabla ya kunyanyuka. Wahesabuji wawe wawili kutoka pande zinazoshindana, na karatasi zitiwe kwenye bahasha na kutunzwa hadi kumbukumbu za mkutano zithibitishwe.

Uamuzi uingie kwenye kumbukumbu ukiwa na maneno kamili ya dai, jina la kiongozi, kiasi cha fedha, na tarehe ya tathmini baada ya miezi sita. Siku ya tathmini majibu yawe matatu tu: tuendelee, tubadilishe mbinu, au tuache. Andikeni pia yasiyochaguliwa, kwamba mwaka huu hamtayafanyia kazi. Inauma kidogo, lakini humpa katibu jibu la kuonyesha mtu akija Machi na lile lile lililoshindwa. Dharura ya kweli ikizuka, kamati tendaji iiingize kwa theluthi mbili ya kura, na papo hapo itaje ni kipaumbele kipi kinapunguziwa saa.

Linabaki pendekezo linaloshinda kwa shangwe halafu likakosa watu, kwa kuwa kupiga kura hakuchoshi. Wekeni kanuni mapema: kama wale watatu walioweka sahihi hawajafanya kikao cha kwanza ndani ya siku 14, nafasi inakwenda kwa lililofuata kwa kura, bila mkutano mwingine.