Crohn ikiamka: lini upige simu, lini uwahi hospitali

Crohn, ugonjwa wa kudumu wa utumbo, haijulikani sana huku kwetu. Mwambie muuzaji wa duka la dawa pale Mwanjelwa kwamba una Crohn, naye atakuuliza kama ni aina ya minyoo, kisha atakufungia Flagyl kwenye karatasi. Zipo zahanati ambazo hazijawahi kupokea mgonjwa wake hata mmoja. Kwa hiyo uamuzi wa lini kumtafuta daktari unabaki kwako na kwa watu wa nyumbani kwako, na mara nyingi unatakiwa kufanyika usiku, mvua inanyesha, nawe uko Makete.

Nahudumia wagonjwa wa ndani hapa Mbeya, na hatua hizi ndizo ninazowapa wagonjwa wangu wa Crohn kabla hawajatoka kliniki. Zinamhusu mtu ambaye ameshapimwa akaambiwa ana ugonjwa huu. Kama umeharisha zaidi ya wiki nne, unakonda na hujapimwa, weka mwongozo huu pembeni, nenda kapimwe kwanza.

Kwa ndugu anayesoma ili amsaidie mgonjwa: Crohn ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili inaushambulia mfumo wa chakula, popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, hasa pale utumbo mdogo unapokutana na utumbo mpana. Utumbo unavimba na kupata vidonda. Hauambukizi. Hukaa umetulia miezi au hata miaka, kisha unaamka.

Hatua ya 1: Andika kawaida yako wakati umetulia

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyobeba nyingine zote. Chukua daftari dogo. Andika unakwenda choo mara ngapi kwa siku, kama unaamka usiku kwa ajili ya choo, kinyesi kikoje, tumbo linauma kiasi gani ukilipa alama kutoka 0 hadi 10, una kilo ngapi, na mapigo ya moyo ni mangapi kwa dakika ukiwa umekaa umepumzika. Andika na dawa zako zote pamoja na kipimo chake. Mzani si lazima uwe wa hospitali. Hata ule wa kupimia mahindi unafaa, mradi uwe uleule kila mara.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu nina mgonjwa aliyekatwa kipande cha utumbo na akiwa mzima kabisa anakwenda choo mara nne kwa siku. Mwingine anakwenda mara moja. Huyu wa pili akifika mara nne, ugonjwa umeamka. Yule wa kwanza akifika mara nne, aende shambani kwake. Hakuna idadi moja inayomfaa kila mtu, na ukijipima kwa jirani au kwa ulichosoma mtandaoni utakosea.

Hatua ya 2: Jiulize kama ni Crohn kweli

Mgonjwa wa Crohn naye hupata amiba, taifodi na tumbo la kula pilau lililolala. Ukianza kuharisha siku moja baada ya msiba au harusi, na wenzako mliokula nao wanaharisha pia, kuna uwezekano mkubwa ni maambukizi. Ukiwa umetoka Kyela au bonde la Usangu na una homa, pima malaria siku hiyo hiyo, hata kama unaishi Njombe kwenye baridi. Lakini majibu ya malaria yakitoka chanya, usiisahau Crohn: vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya mwili mmoja kwa wakati mmoja.

Kifua kikuu cha utumbo nacho hupenda kukaa palepale Crohn inapokaa, na dalili zinafanana sana: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu upande wa kulia chini. Dawa za kupunguza kinga zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili au jasho la usiku kwa mtu anayetumia azathioprini, prednisoloni au sindano za infliksimabu si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Ndiyo sababu sipendi kuona mgonjwa akianza mwenyewe prednisoloni zilizobaki kabatini. Kama tumbo lina maambukizi, umeyapa nafasi. Pima kinyesi kwanza.

Nitaje na jambo ambalo watu hawalisemi kliniki mpaka mlango ufungwe. Mikoani kwetu mtu akikonda na kuharisha, mtaa unaanza kunong'ona kuhusu VVU. Wapo wanaojificha ndani wiki tatu kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni. Kipimo cha VVU utafanyiwa tu, kwa sababu daktari anatakiwa kujua kabla ya kukupa dawa za kupunguza kinga. Nyanda za Juu Kusini kipimo hicho ni cha kawaida kabisa. Maneno ya mtaa yasikukalishe nyumbani huku utumbo unaoza.

Hatua ya 3: Dalili ambazo hazisubiri simu

Ukiona mojawapo ya hizi, tafuta usafiri. Simu utapiga ukiwa njiani.

Tumbo linasokota kwa nguvu, linajaa, unatapika, na hupati choo wala hutoi upepo. Utumbo umeziba. Kwa mgonjwa wa Crohn, utumbo unaweza kuwa umekuwa mwembamba kwa makovu ya miaka, na siku moja njia inafunga. Usinywe dawa ya kulainisha choo ukidhani ni kufunga choo kwa kawaida.

Maumivu makali yasiyoachia na tumbo gumu kama ubao, hutaki hata shuka likuguse. Hapo hofu ni utumbo kutoboka. Tahadhari kwa anayetumia prednisoloni: dawa hiyo inaweza kuficha homa na kupunguza ukali wa tumbo, hivyo ukaonekana nafuu kuliko ulivyo. Kwa mtu wa prednisoloni, maumivu mapya ya wastani nayahesabu kuwa makali.

Damu nyingi chooni, mabonge ya damu, au choo cheusi kinachonata ilhali huli vidonge vya madini ya chuma. Pia kuharisha damu mara sita au zaidi kwa siku, hasa kukiwa na homa au mapigo ya moyo yanayozidi 100 ukiwa umepumzika.

Kizunguzungu kila ukisimama, hujakojoa kwa saa nane au zaidi, akili inachanganyikiwa. Maji yamekwisha mwilini.

Kutapika dawa ya prednisoloni ambayo umeitumia zaidi ya wiki tatu. Mwili umeshazoea na umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Ukiikosa ghafla, presha inaweza kushuka hadi hatari. Unahitaji kupewa kwa sindano. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiache ghafla eti kwa kuwa uso umevimba.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika. Crohn ikiwa imeamka damu huganda kwa urahisi, na safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam umekaa kiti kimoja inaongeza hatari hiyo.

Na jicho jekundu linalouma, linaloogopa mwanga au lenye ukungu. Wengi huweka matone ya dukani. Hapana. Crohn hushambulia na macho, na jicho likichelewa linaweza kupoteza nuru.

Hatua ya 4: Dalili za kupiga simu leo

Hapa huhitaji kukimbia, ila siku isipite bila daktari au muuguzi wa kliniki yako kujua.

Homa ya 38 au zaidi. Ukiwa unatumia azathioprini, homa pamoja na koo kuuma au fizi kutoka damu ina maana lazima upimwe picha kamili ya damu siku hiyo, kwa sababu dawa inaweza kuwa imeshusha chembe nyeupe. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, hasa wiki za kwanza za dawa hiyo, yaripoti na usinywe dozi inayofuata mpaka umeongea na daktari. Na yasipovumilika, rudi hatua ya 3.

Uvimbe au jipu karibu na njia ya haja kubwa, au usaha unaotoka kwenye kitundu. Watu wanaona haya. Nimeona majipu yaliyokandwa kwa maji ya chumvi mpaka mgonjwa hawezi kukaa kwenye kiti. Jipu la namna hiyo linahitaji kufunguliwa na daktari wa upasuaji. Dawa za kumeza peke yake mara nyingi hazitoshi.

Choo kimeongezeka mara tatu au zaidi juu ya kawaida yako kwa siku mbili mfululizo. Umeanza kuamka usiku kwenda choo wakati hukuwa ukiamka. Hilo nalipa uzito mkubwa, kwani tumbo la mawazo kwa kawaida halimwamshi mtu usingizini. Damu kidogo ambayo haikuwepo. Kilo zinapungua bila wewe kutaka.

Mjamzito apige simu kwa dalili yoyote, na asiache dawa zake kwa kuogopa kumdhuru mtoto kabla hajaongea na daktari. Mara nyingi Crohn iliyoamka ni hatari zaidi kwa mimba kuliko dawa, ingawa ipo dawa kama methotreksati ambayo haifai kabisa kwa mjamzito.

Vidonda vya mdomoni, viungo kuuma na uchovu, bila lolote kati ya niliyotaja, vinaweza kusubiri siku mbili tatu. Viandike.

Hatua ya 5: Ongeza umbali kwenye hesabu

Vitabu vya Ulaya vinadhani hospitali iko nusu saa kutoka kwako. Mtu wa Soweto au Forest hapa mjini anaweza kuvumilia mpaka asubuhi kwa sababu bajaji inamfikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda kwa muda mfupi. Wewe wa ndani ya Makete, Ileje au Chunya, ambaye gari linatoka alfajiri mara moja tu, au barabara inakatika masika, panda ngazi moja: kwa dalili ya kusubiri siku mbili, piga simu leo; kwa dalili ya kupiga simu leo, lala mjini leo. Huko si kuogopa. Anza na hospitali ya wilaya iliyo karibu, uwekewe dripu na kuandikiwa rufaa, kuliko kupita mbele yake ukiishiwa maji ili ufike kwa bingwa.

Hatua ya 6: Ukiwa unasubiri

Kunywa ORS (dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini) iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, kwa maji yaliyochemshwa. Kula laini: uji wa sembe uliochujwa, viazi vya kupondwa, wali bokoboko, ndizi iliyoiva. Makande, mahindi ya kuchoma na ugali wa dona viache kwa sasa, hasa kama uliambiwa utumbo wako umebana. Na ulanzi, pombe ya mianzi? Naulizwa kila masika. Subiri tumbo litulie.

Kwa maumivu tumia Panadol. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuchokoza utumbo, na diklofenaki ndiyo sindano ya kwanza utakayopewa karibu kila mahali ukisema unaumwa, basi sema mapema kwamba hutumii. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, usiinywe kama kuna damu, homa au tumbo limejaa. Dawa zako za kila siku endelea nazo.

Hatua ya 7: Simu yenyewe

Daktari akipokea simu kati ya wagonjwa wawili ana dakika mbili. Ukianza na "daktari, hali yangu si nzuri", dakika ya kwanza imekwisha. Mimi hupenda ujumbe wa namna hii:

"Shikamoo daktari. Ni mgonjwa wako wa Crohn wa Mafinga. Natumia azathioprini 100 kila siku, sijaruka. Kawaida choo mara 2, tangu juzi mara 5, usiku mara 2, damu kidogo. Homa 37.9, mapigo 92. Maumivu 5 kati ya 10, kulia chini. Sitapiki, nakojoa. Malaria hasi. Nije leo?"

Ujumbe kama huo naujibu hata nikiwa kwenye raundi, maana kila ninachohitaji kimo.

Asipopokea ndani ya saa mbili, na dalili zako ni za hatua ya 4, nenda hospitali yenye daktari iliyo karibu ukiwa na daftari lako, kadi ya bima na majibu ya kipimo cha kamera ya utumbo. Kwenye jalada la daftari andika kwa herufi kubwa: NINA CROHN, NATUMIA DAWA ZA KUPUNGUZA KINGA, SITUMII DIKLOFENAKI. Ukishaanzishiwa dawa mpya, hesabu siku tatu. Choo kisipoanza kupungua, piga tena, na safari hii anza kwa kusema dawa ulipewa lini na haijafanya kazi.