Namna ya Kujijengea Kazi katika Uhifadhi wa Wanyamapori Tanzania

Mtu anayesema anataka kufanya kazi ya uhifadhi bado hajasema anataka kazi gani. Askari anayelala porini akifuatilia nyayo za majangili, mtafiti anayehesabu tembo kutoka kwenye ndege, afisa anayekaa na wazee wa kijiji kuzungumzia ng'ombe walioliwa na simba, daktari wa wanyama anayemdunga faru dawa ya usingizi, na mtaalamu wa ramani anayechunguza ushoroba (njia ya wanyama) wa Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara wote ni wahifadhi, lakini walisoma mambo tofauti, wakaajiriwa kwa njia tofauti, na hupanda vyeo kwa mambo tofauti. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu ya chuo, tafuta watu wawili au watatu wanaofanya kazi unayoitamani na uwaulize siku yao ya kawaida inavyokwenda. Wengi watakuambia kwamba sehemu kubwa ya siku hiyo hupita kwenye ripoti, magari mabovu na mikutano, na ni heri uyasikie hayo mapema.

Kwa upande wa masomo, anayelenga shahada atafaidika na mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia), na asiidharau hesabu, kwa kuwa takwimu humsubiri mbele ya safari. Anayetaka kuwa askari anaweza kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, inayofundisha tangu mwaka 1966. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kina ngazi kuanzia cheti hadi shahada, na kinasifika kwa mafunzo ya porini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinatoa shahada za fani hii, na masomo ya juu zaidi yanapatikana pia katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo soma miongozo ya TCU, inayosimamia vyuo vikuu, na NACTVET, inayosimamia vyuo vya ufundi, ya mwaka unaoomba na usitegemee maneno ya aliyeomba zamani.

Ajira za serikali zina utaratibu wake. TANAPA (hifadhi za taifa), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) na TFS (wakala wa misitu) zote zimo ndani ya Jeshi la Uhifadhi, na maana yake ni kwamba hata msomi wa shahada hupitia mafunzo ya kijeshi, huvaa sare na hupangiwa kituo popote nchini. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma au na taasisi yenyewe, na matangazo hutaja umri, afya na mara nyingine mafunzo ya JKT. Anayekuomba pesa ili akuingizie jina lako kwenye orodha ni tapeli, hata akiwa na sare.

Lakini vyeti vinakuweka kwenye foleni tu, na foleni ni ndefu. Kinachomtoa mtu kwenye foleni hiyo ni ujuzi ambao mradi unauhitaji na haujampata mwenye nao, na kwa uzoefu wangu ujuzi huo ni wa aina mbili: kukusanya na kuchambua data kwa uaminifu, na kufanya kazi na watu wanaoishi jirani na wanyama.

Tukianza na data, hesabu ya tembo inatosha kuonyesha uzito wake. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo wapatao 109,000 nchini, na ile ya mwaka 2014 ikakadiria takriban 43,000. Taarifa hizo hazikutokana na hisia za mtu. Zilitoka kwa watazamaji waliokaa ndani ya ndege zilizokuwa zikiruka kwa mistari iliyopangwa na kwa kimo kilichopangwa, wakahesabu wanyama ndani ya upana uliokwisha kupimwa, kisha wachambuzi wakakadiria eneo lote pamoja na kiwango cha shaka cha makadirio yao. Anayeelewa mlolongo huo wote, kuanzia jicho la mtazamaji hadi jedwali la mwisho, hakosi kazi kirahisi.

Unaweza kuanza kuujifunza mlolongo huo bila ndege na bila gharama kubwa. Chagua sehemu moja iliyo karibu nawe, iwe bwawa, msitu wa kijiji au mikoko ya pwani, kisha weka njia moja utakayoipita kila wiki, saa ileile, kwa mwendo uleule. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, aina ya ndege au mnyama, idadi na umbali wake kutoka kwenye njia. Siku ambayo hukuona kitu, andika sifuri, kwa maana daftari lisilo na sifuri humpa mchambuzi picha ya uongo. Ndege wanafaa zaidi kwa mwanzo kwa sababu wapo kila mahali na aina zake ni nyingi. Baada ya miezi kadhaa, ingiza kumbukumbu hizo kwenye R, programu ya takwimu, chora ramani kwa QGIS, zote mbili zikiwa programu za bure, na uandike ripoti ya kurasa tano. Ripoti hiyo itasema zaidi kuliko barua kumi za maombi. Ukishapata nafasi mradini, jifunze pia SMART, programu inayotumika kurekodi doria za askari, na namna ya kupanga kamera za kutegea, zile zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe mnyama anapopita. Kupanga kamera ni rahisi. Kazi iko kwenye kutambua na kuandika maelezo ya maelfu ya picha, nyingi zikiwa za nyasi zilizotikiswa na upepo.

Ujuzi wa pili haufundishwi vya kutosha darasani. Mkulima aliyekesha akipiga madebe ili tembo wasimalize mahindi yake hana haja ya kuelezwa umuhimu wa bioanuwai. Atataka kujua askari watafika lini, na kifuta jasho kitalipwa lini. Kanuni za serikali zinaruhusu kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa, lakini malipo hayo si fidia kamili, na afisa asiyeweza kulieleza hilo kwa utulivu mbele ya mkutano wa kijiji atafukuzwa kwa maneno. Jifunze basi taratibu za madai, uzio wa pilipili na wa mizinga ya nyuki, na boma hai za Simanjiro, ambako miti iliyopandwa na waya wa chuma hulinda ng'ombe usiku dhidi ya simba na fisi. Ukiweza kuongea lugha ya wenyeji, hata salamu na masuala ya mifugo tu, umeshawapita wengi. Na kwa asiyepata ufaulu wa kwenda mbali, jumuiya za hifadhi ya wanyamapori zinaajiri askari wa vijiji, wanaofundishwa katika chuo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo, na wapo walioanzia hapo wakaendelea na masomo.

Unapoomba kujitolea au kufanya mafunzo kwa vitendo, usianze barua kwa kusema unapenda wanyama. Kila mwombaji anawapenda. Taja mradi wenyewe na kazi inayofanywa pale, eleza unachoweza kufanya tangu wiki ya kwanza, sema utapatikana kuanzia lini hadi lini, na ambatanisha ile ripoti ya kurasa tano. Uliza waziwazi nani atagharimia chakula, usafiri na matibabu. Kujitolea kusikokuwa na hata chakula huwabakiza kazini vijana wa familia zenye uwezo peke yao.

Nina maoni pia kuhusu mnyama wa kumfuata. Karibu kila mwanafunzi anataka simba, tembo au sokwe, wakati vyura, samaki wa mito, tai na mimea vina watafiti wachache. Chura wa Kihansi, anayetegemea rasharasha za maporomoko katika milima ya Udzungwa, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini baada ya maji kuelekezwa kwenye mtambo wa umeme na ugonjwa wa kuvu kuingia. Vizazi vya wale waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani vilirudishwa Kihansi mwaka 2012, kwenye bonde lililowekewa mabomba ya kunyunyizia maji. Kazi hiyo ilihitaji wahandisi, wataalamu wa magonjwa na wafugaji wa vyura, na wachache tu nchini walikuwa na ujuzi huo.

Mwenye wazo lake la utafiti anaweza kuomba ruzuku ndogo, kwa mfano ya Rufford Foundation, inayowalenga wahifadhi wanaoanza. Utafiti unaohitaji kibali hupitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), kwa hiyo uanze kufuatilia mapema, kabla msimu wa mvua haujafunga barabara. Mkutano wa kisayansi wa TAWIRI, unaofanyika kila baada ya miaka miwili, ni mahali pazuri pa kuwasilisha hata matokeo madogo na kukutana na wanaoajiri.

Hatimaye utapewa mkataba, na katika mashirika yasiyo ya kiserikali mingi hudumu kadiri fedha ya mfadhili inavyodumu. Kabla ya kusaini uliza ufadhili unaisha mwezi gani, kama michango ya NSSF inapelekwa, bima ya afya inahusu kambi ya porini au la, na jina lako litaandikwa vipi kwenye machapisho yatakayotokana na data ulizokusanya. Majibu yote yaingie kwenye maandishi.