Somo: Kutambua chimbuko la jiwe la mchanga kwa madini yake

Mchanga uliogeuka jiwe ulimomonyoka kutoka mwamba fulani, na chembe zake bado zinaweza kuutaja mwamba huo. Mifano ya somo hili ni ya pwani ya Tanzania.

Hatua ya kwanza: chagua sampuli ambayo haijaoza kwa jua na mvua, ikatwe na kusuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, ili mwanga uipenye.

Hatua ya pili: kwa hadubini, hesabu chembe zisizopungua 300, ukizigawa katika kwatzi, feldispa (madini yanayooza upesi kuliko kwatzi) na vipande vya miamba. Feldispa nyingi huashiria itale au naisi, ilhali vipande vya lava huashiria volkeno. Kwa mbinu ya Gazzi na Dickinson, fuwele yenye ukubwa wa mchanga iliyo ndani ya kipande cha mwamba huhesabiwa kuwa madini hayo, si kipande, na hivyo tofauti ya ukubwa wa chembe haipotoshi sana matokeo.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka bila sababu ya maana, ni kutenga madini mazito. Ponda, chekecha, kisha mimina katika kimiminika kizito: kwatzi itaelea, na zirkoni, garneti na rutili zitazama. Bromofomu, kimiminika kizito kimojawapo, ni sumu, kwa hiyo tumia kingine, sodiamu politangsteti. Madini ya kayanaiti yakionekana, miamba geu (iliyobadilishwa na joto na mgandamizo) imehusika.

Hatua ya nne: pima umri wa zirkoni kwa urani iliyomo na risasi ambayo urani hiyo hugeuka kuwa. Zilizozidi miaka milioni 2,500 huelekeza kwenye kratoni ya Tanzania, yaani kiini cha kale na imara cha ukoko wa dunia, na za milioni 650 hadi 550 kwenye Ukanda wa Msumbiji, wenye milima ya Uluguru na Usambara.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwatzi ikizidi asilimia 90, je, mchanga ulisafiri mbali?

Jibu: Si lazima. Joto na mvua huozesha feldispa mlimani penyewe, au mchanga umetoka katika jiwe la mchanga la zamani zaidi. Tafuta chembe ya kwatzi iliyoota ukingo wa kwatzi, kisha ukingo huo ukasagika. Hiyo imezikwa na kumomonyoka zaidi ya mara moja.

Swali: Kwa hiyo zirkoni ya miaka milioni 600 haithibitishi kwamba mchanga ulitoka Uluguru?

Jibu: Peke yake haithibitishi, ndugu, kwani huenda ilipitia kwanza miamba ya Karoo, ambayo ni mashapo ya zamani. Ikiambatana na garneti na feldispa ambazo hazijaoza, hoja ya Uluguru hupata nguvu.

Swali: Na feldispa zilizoyeyuka ardhini baada ya mchanga kuzikwa?

Jibu: Huacha matundu yenye umbo lake, mara nyingi na kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) pembeni. Yahesabu kando, usiyachanganye na nafasi za kawaida kati ya chembe.